Ujira wa Macho

Manalpuram, karibu na Kozhikode
10 Juni 1996

Kaka yangu Saidalavi,

Mama ameniamuru nianze na salamu zake, za Baba na za mbuzi. Lakini nimeona kitu leo, na nikichelewa kukuandikia nitasahau kilivyokuwa, kwa hiyo salamu zitakuja mwishoni.

Mashine imefika kwenye ghala la mchele la Hajji Koya. Ni mkanda mpana wa mpira mweusi, urefu wake kama kutoka mlangoni kwetu hadi kisimani, umelazwa juu ya miguu ya chuma yenye magurudumu. Ncha moja wanaiingiza ndani ya lori, ya pili inafika hadi dirisha la juu la ghala. Wakiwasha injini, magunia yanapanda yenyewe. Nilikuwa natoka shule, mvua ilikuwa imekatika, nami nikabaki nimesimama na mwavuli umefunguka bure. Gunia la kilo sabini na tano linatoka ndani ya lori limelala ubavu, linapanda polepole, na nyuma yake jingine, na jingine. Hakuna anayeguna, hakuna anayeita jina la Mungu. Sijawahi kuona uzito ukienda namna ile. Vinyweleo vya mikono vilinisimama. Halafu niliona haya, kwa sababu watu waliokuwa wakibeba magunia hayo hadi wiki iliyopita walikuwa wamekaa ukutani, wananitazama ninavyoshangaa.

Kundi lote la Baba lilikuwepo, kumi na wawili, na mashati yao ya buluu na ngata kichwani kana kwamba kazi inaanza. Wewe unaujua mkataba wa chama cha wachukuzi kuliko mimi: mzigo wowote unaoshushwa mtaani kwetu ni wao kuushusha. Sasa mkataba umeongezwa kifungu. Mashine ikishusha badala yao, lazima wawepo, na walipwe nusu. Watu wanauita ujira wa macho, maana kazi iliyobaki ni kutazama.

Basi wengine walikuwa wanacheza karata. Chathu alikuwa amelala juu ya magunia matupu. Baba peke yake alikuwa amesimama karibu na mkanda, mikono nyuma, akilifuata kila gunia kwa macho tangu linatoka hadi linapotelea dirishani, kama watu wanavyoutafuta mwezi wa Ramadhani.

"Beeran," Chathu akamwita bila kufumbua macho, "kaa bwana. Tunalipwa kuitazama, hatulipwi kuiposa."

Baba hakugeuka. "Wewe umelala. Nani anakutazamia?"

"Wewe. Ndiyo maana nakuombea umri mrefu."

Nyumbani nilimwuliza Baba kwa nini hakai kama wenzake. Akasema, "Nimelipwa kutazama, natazama." Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Umeona lakini linavyopanda?" Niliona kuwa naye ameshangaa kama mimi, labda kunizidi.

Wewe uko kwenye kreni za bandarini kwa miaka miwili sasa. Niambie, mtu akikaa na mashine kubwa kila siku, mshangao unaisha?

Salamu za Mama, za Baba na za mbuzi.

Mdogo wako,
Hafsath


Bandarini, Uarabuni
24 Juni 1996

Wewe mtoto wa vitabu,

Umeshangaa mkanda? Njoo huku. Kreni yetu ina miguu minne, na kando yake ukiweka mnara wa msikiti wetu mara tatu bado hujafika kwenye kichwa chake. Inashusha nyaya, inashika sanduku la chuma kubwa kuliko nyumba yetu pamoja na jiko, na inalinyanyua kutoka melini jinsi wewe unavyookota punje ya mchele kwenye ungo. Mara ya kwanza nilisema subhanallah kwa sauti. Mpathani mmoja, mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa kando yangu, akanicheka, halafu nikamsikia naye anasema. Sanduku linapopita juu, jua linafichika, kivuli chake kinakupita mgongoni kama mkono baridi. La, mshangao hauishi. Sisi tulio kwenye kreni hatuzungumzi sana tukiwa kazini.

Sasa jambo la pili, na hili mwambie Baba kwa adabu, wewe una maneno mazuri kuliko yangu. Ujira wa macho ni sadaka yenye mhuri wa chama. Mwanamume mzima, aliyekuwa anabeba magunia mawili kwa mpigo, analipwa kwa kusimama na kutazama mashine? Ningewasimulia watu wa chumbani kwetu wangecheka mpaka wapaliwe na chai. Baba ni mtu wa kazi. Kama kazi imekwisha, achukue chake akae nyumbani. Mimi nipo.

Nimetuma kitambaa kwa mikono ya Moideen wa ng'ambo ya mto. Cha kijani ni chako, usimwachie Mama.

Saidalavi


Manalpuram
14 Julai 1996

Kaka,

Nina kosa la kukiri. Barua zako nazisoma kwa sauti palepale ninapozifungua, kwa sababu Baba hapendi kusubiri. Sikuona neno "sadaka" mpaka lilikuwa limeshatoka mdomoni mwangu. Baba alikuwa anakula muhogo na samaki. Alichambua mwiba, akauweka pembeni ya sahani, akasema, "Endelea, mbona umekwama? Mwandiko wake mbaya?" Nikaendelea hadi kitambaa cha kijani. Siku mbili hakusema nami zaidi ya "lete maji".

Tangu hapo mambo yamebadilika. Hajji Koya amechoka kulipa macho. Ameliita kundi na kusema atawapa kila mmoja mkupuo mmoja wa pesa, nyingi, na wao warudishe kadi zao za chama zenye haki ya ghala lile. Mkanda ubaki na kazi yake, wao waende zao. Sharti ni kwamba wote kumi na wawili watie saini, maana haki ni ya kundi, si ya mtu. Ametoa muda hadi mwisho wa Septemba.

Kumi na mmoja wamekubali. Baba amekataa.

Hasemi kwa nini. Velayudhan, mwenzake wa kundi, amekuja na mkewe, na mkewe amelia jikoni kwetu, ana binti wa kuozwa. Chathu alikuja mara tatu. Mara ya tatu alisimama uani akasema, "Beeran, wewe siku hizi ni mwenye mashine au ni mume wake? Hajji anataka kutupa pesa, wewe unataka kuendelea kuitazama. Nikuletee picha yake uitundike ukutani?"

Baba akasema, "Lete. Lakini iwe imepigwa gunia linapopanda." Chathu alicheka kwanza, halafu akakasirika kwamba amecheka.

Nilidhani ni ubishi wa uzee, au ni lile neno lako. Jana nilikuwa natwanga na Mama, akaniambia. Kadi namba saba Baba aliipata kwa babu, na babu aliipata kwa kaka yake. Kadi inarithiwa. Baba anasema Uarabuni si kwetu, siku moja watakuambia rudi, na utakaporudi lazima uwe na mahali pa kusimama. Anakuwekea wewe.

Mama alisema nisikuandikie. Nimekuandikia.

Hafsath


Bandarini
30 Julai 1996

Hafsath,

Mwambie atie saini. Mwambie hivi, neno kwa neno: Saidalavi haihitaji kadi. Saidalavi ana kazi kwenye kreni kubwa kuliko kitu chochote Manalpuram, na mkataba wake ni mzuri, na akirudi atarudi na mtaji, hatarudi kuvaa shati la buluu. Asiwanyime watu kumi na mmoja riziki yao kwa ajili ya mtu ambaye hakuomba.

Sina nafasi ya kuandika zaidi. Meli tatu zimeingia.

S.


Manalpuram
18 Agosti 1996

Kaka,

Nimesoma neno kwa neno kama ulivyosema. Baba alisikiliza hadi mwisho, akaniomba nisome tena. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea:

"Mwulize, huko kazini anakaa au anasimama?"

Nikamwambia, "Baba, mwendesha kreni anakaa. Nimesoma. Ana kibanda chake juu, chenye kiti."

"Sikukuuliza mwendesha kreni. Nimekuuliza ndugu yako."

Basi nakuuliza. Jibu tu, ili aridhike, nadhani akiridhika atatia saini.

Kuna habari nyingine. Ofisa wa kazi wa wilaya atakuja tarehe ishirini Septemba kusikiliza pande zote, na kundi limeniomba niandike maelezo yao. Chathu ndiye aliyenitaja. Alisema, "Huyu mtoto hasemi, kwa hiyo maneno yote bado anayo." Kaka, unajua sijawahi kunyoosha mkono darasani tangu darasa la saba. Lakini kuandika naweza.

Nimekwenda kwenye chumba cha kusomea cha kijiji siku nne mfululizo. Wazee wanabishana pale kila jioni kuhusu mkanda, gazeti mkononi, na mimi nakaa nyuma ya kabati la ensaiklopidia na kuandika wanayosema. Mmoja anataka mashine zote zipigwe marufuku. Nilitaka kukubaliana naye lakini nikakumbuka shingo ya Baba, ambayo haigeuki kushoto, na magoti ya Velayudhan. Mwingine anasema dunia inakwenda mbele, atakayeachwa ameachwa. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyenifanya niache kuandika nifikiri. Alisema mkanda ukifanya mchele ushuke bei hata kidogo, watakaofaidi ni watu wote wanaokula wali, kuanzia hapa hadi Palakkad. Sasa kwa nini hasara waibebe watu kumi na wawili peke yao?

Nimeliandika swali hilo juu kabisa ya karatasi, na chini yake sijaandika kitu. Kila nikianza naona ni kubwa kuliko mimi. Ni kama siku ile na mwavuli.

Wewe unakaa upande wa mashine. Ungesemaje?

Hafsath


Bandarini
3 Septemba 1996

ISOME PEKE YAKO

Hafsath, mdogo wangu,

Nenda nyuma ya nyumba kwanza. Kama umeanza kuisoma mbele ya Baba, kohoa, sema mwandiko mbaya.

Nasimama.

Sijawahi kupanda kwenye kile kibanda. Kazi yangu ni chini, gatini. Nina bendera mbili na filimbi. Mwendesha kreni yuko juu sana hawezi kuona sanduku linatua wapi, wala kama kuna mtu chini yake, kwa hiyo mimi naangalia kwa niaba yake. Nikiinua nyekundu anasimamisha. Nikishusha kijani anateremsha. Saa kumi na mbili kwa siku nimesimama juani, nalipwa kutazama mashine. Ujira wa macho, Hafsath. Lile neno nililomtupia Baba nilikuwa nimejitupia mwenyewe kwanza, muda mrefu, ndiyo maana lilikuwa tayari mdomoni.

Sikudanganya yote. Ule mshangao ni wa kweli. Sanduku la tani thelathini linateremka, na bendera yangu ya kitambaa inalisimamisha hewani. Kuna siku nilijiona mkubwa kama kreni yenyewe.

Mwezi uliopita walikuja mafundi wakafunga kamera chini ya mkono wa kreni. Mwendeshaji amewekewa televisheni ndogo kibandani. Sasa anaona chini mwenyewe, mchana na usiku, vumbi na jua. Walituruhusu kupanda kwa zamu kuitazama hiyo televisheni, wakidhani tutafurahi. Nilijiona ndani yake. Mtu mdogo kama sisimizi, ana kitambaa chekundu. Jicho lile halipepesi. Nilikaa nalitazama na nikajua kuwa ningekuwa wa kwanza kulisifu kama lisingekuwa linachukua nafasi yangu. Walikuwa wamekwisha tafuta mashine ya kubeba. Sasa wametafuta na ya kutazama.

Mkataba wangu unaisha Desemba. Hawataongeza. Tuko watu arobaini.

Sasa sikiliza. Baba akijua hili hatatia saini hata akatwe dole. Ataishika ile kadi kwa ajili yangu, Septemba itapita, Hajji atafuta ahadi, na binti wa Velayudhan hataolewa kwa sababu yangu. Kwa hiyo umwambie ninakaa. Neno moja tu. Mimi nitajua la kufanya nikifika.

Ichome barua hii.

Kaka yako,
Saidalavi


Manalpuram
22 Septemba 1996

Kaka,

Sikuichoma. Na nimekusaliti. Nitakueleza kwa utaratibu ili unihukumu vizuri.

Siku barua yako ilipofika nilikohoa kama ulivyosema. Nikaisoma kisimani. Nikarudi nikamwambia Baba, "Anasema anakaa." Baba akasema "Haya," akachukua ngata yake akatoka. Nilidhani nimemaliza.

Tarehe ishirini mkutano ulifanyika ndani ya ghala lenyewe, kwa sababu mvua ilikuwa kubwa na uwanja umejaa maji. Ofisa wa kazi ni mama mmoja aitwaye Thankamani, ana miwani mizito, na aliketi juu ya gunia bila kupangusa vumbi. Mimi nilipelekwa kuwasomea wale wasiojua kusoma. Nilikuwa nimeandika kurasa tatu. Nilimkabidhi, nikarudi nyuma ya Baba.

Alisoma swali la mwalimu wa hesabu kwa sauti. Kisha akamwuliza Hajji Koya, naye akasema mambo ambayo si mabaya: kwamba maghala ya Coimbatore yameshanunua mikanda, kwamba asingenunua angefunga, kwamba hawezi kulipa watu milele kwa kulala. Hapo Chathu alikohoa. Ofisa akawageukia wao. "Nani ataniambia ujira wa macho ni wa kazi gani? Mniambie kweli, nimechoka na hotuba."

Baba akasimama. Nitakuandikia maneno yake yote, sikuhitaji kalamu kuyashika.

"Mama, mimi nimeutazama mkanda huu siku sitini na moja za kazi. Ni kitu kizuri. Nikiona gunia linapanda na hakuna shingo ya mtu chini yake, namshukuru Mungu. Sikuja kuuchukia. Lakini aliyeuleta alifikiria kila kitu. Alifikiria lori lisimame wapi, dizeli itoke wapi, mvua ikinyesha mkanda ufunikwe na nini. Unaliona turubai lake lile, jipya. Sisi watu kumi na wawili ndio hatukufikiriwa mahali pa kuwekwa. Basi tukisimama pale ukutani ni kumkumbusha. Huu ujira si wa macho yetu. Ni wa macho yake, asije akayageuzia pembeni."

Nimeishi na mtu huyu miaka kumi na sita, namletea maji, namsomea barua, na sikujua kuwa alikuwa akifikiri hivyo muda wote aliosimama. Nilimtazama kama nilivyoutazama mkanda siku ya kwanza. Hata Hajji Koya alivua kofia yake akaivaa tena.

Ofisa aliandika kwa muda mrefu. Kisha akatoa pendekezo lake. Kadi zisinunuliwe. Kwa kila gunia ambalo mkanda unabeba, Hajji aweke kiasi kidogo kwenye mfuko wa bodi ya serikali inayosimamia wachukuzi, na kutoka mfuko huo kila mmoja wa kumi na wawili alipwe kila mwezi hadi atimize miaka sitini, akitazama au asitazame. Lakini kadi zisirithiwe tena. Kundi liishe taratibu, mtu mmoja mmoja, bila kumfukuza yeyote. Hajji alinung'unika, akapiga hesabu kichwani, akasema atakubali kama wote wanakubali. Velayudhan akauliza kama mtu anaweza kuchukua ya mwaka mzima mara moja, kwa ajili ya harusi. Ofisa akasema linawezekana. Mikono kumi na moja ikainuka.

Baba hakuinua. Aligeuka, kwa mwili wote kwa sababu ya shingo, akanitazama mimi.

"Hafsath. Ndugu yako anakaa au anasimama?"

Mbele ya watu wote. Nikasema, "Nilikwisha kukuambia, Baba."

"Uliniambia ukiwa unatazama mlango. Niambie ukiwa unanitazama mimi. Natakiwa nitie dole hapa, na ninayemuuza ni yeye. Nataka kujua nauza nini."

Nilifikiria ulichoniomba. Nilifikiria binti wa Velayudhan. Nilijua kuwa nikisema uongo atatia saini, na watu kumi na mmoja watapata riziki yao, na hakuna atakayenilaumu, hata wewe. Lakini alikuwa ametoka kusema kweli mbele ya kila mtu, na angetia dole kwa sababu ya neno langu la uongo. Nikasema, na sauti ilikuwa yangu, nikaisikia inarudi kutoka ukutani:

"Anasimama, Baba. Anashika bendera, anaangalia mashine isimwue mtu. Wamefunga kamera. Ikifika Desemba hatasimama tena, anarudi."

Chathu akasema polepole, "Masikini kijana." Velayudhan alikaa chini.

Baba akamwomba ofisa siku saba. Tangu hapo hajanena, nyumbani wala ukutani. Leo amekwenda kutazama mkanda ingawa ni Jumapili na mkanda haufanyi kazi. Nilimfuata nikamwona amesimama mbele yake, umefunikwa na turubai.

Sijui ataamua nini. Nisamehe, au usinisamehe kwanza, subiri.

Hafsath


Manalpuram
28 Septemba 1996

(Haya ni maneno ya Baba. Nimeyaandika kama alivyoyatoa. H.)

Saidalavi mwanangu,

Amani iwe nawe. Mama yako yuko hapa, anasema niseme ana afya. Ana afya.

Nimetia dole. Jana, mbele ya yule mama mwenye miwani. Mahali pako pamekwisha, na nimepamaliza mimi, tena nikijua. Nimetaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa Moideen.

Usimkasirikie mdogo wako. Nilimwuliza nikiwa na watu makusudi, kwa sababu nyumbani angenidanganya tena, anakupenda.

Aliposema unasimama, nilikuwa nakataa. Neno la kukataa lilikuwa limeshafika hapa kooni. Nilisema moyoni, mwanangu anarudi Desemba, atavaa shati langu, atasimama niliposimama. Nilikwenda kusimama pale Jumapili ili nikuone. Nikakuona. Una miaka ishirini na sita, umekaa ukutani kwa Hajji na karata mkononi, na mbele yako una miaka thelathini na nne ya kutazama. Mimi naweza kutazama kwa sababu nimekwisha beba. Kila gunia linalopanda najua linauma wapi. Wewe ungetazama nini? Ungetazama saa.

Babu yako aliponipa ile kadi hakuniuliza kama naitaka. Nami sikumwuliza shingo inamuuma upande gani. Nilitaka kukupa kitu bila kukuuliza, na wewe ukanikataa bila kuniambia ukweli. Tumefanana.

Nilimwomba yule mama aongeze sentensi moja. Kwamba ghala likileta mashine, mtu wa kuiendesha atafutwe kwanza katika nyumba za waliokuwa wanabeba, na afundishwe kwa gharama ya ghala. Hajji akasema hiyo ni sentensi ndefu. Yule mama akaiandika, lakini kwa penseli. Nakuambia ilikuwa penseli, usije ukaja na matumaini makubwa kuliko yaliyopo.

Kuhusu ile sadaka uliyoisema. Nilikasirika siku mbili. Sasa nimemwuliza Hafsath, katika miaka miwili uliyoshika bendera, kuna mtu aliyekufa chini ya lile sanduku? Amesoma barua zako zote tena, anasema hukuandika hata mmoja. Basi ulikuwa unafanya kazi, usimruhusu mtu akuambie vingine, wala usijiambie mwenyewe.

Velayudhan anamwoza binti yake mwezi ujao. Ameniomba nisimamie wali. Chathu atakucheka siku ya kwanza, ya pili atakuletea samaki, unamjua.

Usinunue redio. Usinunue blanketi za kugawa. Watu wakiuliza umerudi na nini, waulize wao walikutuma nini. Piga telegramu siku ya ndege. Nitakuja uwanja wa ndege wa Kozhikode mwenyewe, nitasimama pale nje kwenye kamba. Kutakuwa na vijana wengi wenye vigari vya magurudumu, watakukimbilia. Sanduku lako usimpe yeyote. Nitalibeba mimi.

Baba yako,
Beeran
(dole gumba)